Farocki alikuwa anakula wapi? Barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Marahaba. Swali lako limefika. Umezitazama kazi za Harun Farocki, yule mtengenezaji filamu wa Ujerumani, zimekukaa moyoni, na sasa unauliza mambo mawili: mtu aliyetengeneza filamu na video zaidi ya 90 za kuhoji vita, viwanda na televisheni yenyewe alikuwa anakula wapi, na je, wewe uache kazi ya kuhariri matangazo ya biashara ushike njia yake?

Nianze na la pili kwa sababu ndilo linalokunyima usingizi. Usiache. Farocki mwenyewe hakuwahi kuishi kwa filamu zake tu, na ukiifuata kazi yake mwaka kwa mwaka utaona kwamba zile kazi za kutafutia ugali ndizo zilizoilisha sanaa yake, kwa fedha na kwa mada pia.

Alizaliwa mwaka 1944 katika mji ambao leo unaitwa Nový Jičín, nchini Cheki, baba Mhindi na mama Mjerumani. Mwaka 1966 aliingia chuo cha filamu na televisheni cha Berlin Magharibi, chuo kikiwa ndiyo kwanza kimefunguliwa. Mwaka 1968 akafukuzwa pamoja na wenzake kadhaa kwa sababu za kisiasa. Kwa hiyo alianza safari bila cheti na bila mtaji, akiwa na jina la ukorofi juu yake.

Mwaka uliofuata akatengeneza Nicht löschbares Feuer, filamu nyeusi na nyeupe ya kama dakika 25, kuhusu napalmu, silaha ya moto iliyokuwa ikimwagwa Vietnam, na kuhusu kampuni ya Kimarekani ya Dow Chemical iliyoitengeneza. Itazame tena ile sehemu ya mwanzo, safari hii kwa jicho la mhariri. Amekaa mezani, koti na tai, anasoma ushahidi wa Mvietnamu aliyeungua. Anamaliza, anainua uso, anatuambia kwamba akituonyesha picha za majeraha tutafumba macho: kwanza tutazifumbia picha, halafu kumbukumbu, halafu ukweli wenyewe, mwisho mazingira yote yaliyouzaa. Kisha kamera inasogea, anachukua sigara inayowaka na kuizima kwenye mkono wake mwenyewe. Sauti inaeleza kwamba sigara huwaka kwa nyuzi 400 na napalmu kwa nyuzi 3,000. Basi.

Hesabu vifaa: meza moja, karatasi moja, sigara moja. Hana picha ya vita, hana damu. Sehemu inayofuata, ya wafanyakazi wa Dow huko Midland, Michigan, inachezwa na Wajerumani wanaosema maneno yao kikavu, kama watu wanaosoma ripoti ya kikao. Hakujaribu hata kidogo kumdanganya mtazamaji kwamba pale ni Marekani. Wengi wanaoiga filamu za wanaharakati hukosea hapa: hawana bajeti ya kuigiza vita, lakini wanaigiza vita hivyo hivyo, na mtazamaji anabaki kuangalia ubovu wa vazi la askari. Farocki alichukua kile ambacho hakuwa nacho akakifanya ndiyo mtindo.

Sasa tuje kwenye chakula. Filamu ile ililipiwa na WDR, shirika la utangazaji la umma la Köln, na kwa miaka mingi baadaye vituo vya televisheni vya umma ndivyo vilivyomweka mjini. Alitengeneza vipindi vya kuchambua filamu na vitabu, akaandika vya redio, akafanya hata vipande vifupi kwa ajili ya Sesamstraße, kipindi cha televisheni cha watoto. Tangu 1974 hadi 1984 alikuwa mmoja wa wahariri na waandishi wa jarida la Filmkritik. Katika miaka hiyo ya sabini aliueleza utaratibu wake kwa kuufananisha na kiwanda cha chuma, ambako takataka ya tanuri moja ni malighafi ya tanuri jingine. Utafiti wa filamu aliulipia kwa kipindi cha redio. Vitabu alivyolazimika kuvisoma kwa ajili ya utafiti alivihakiki hewani kwa malipo. Alichokiona akiwa kwenye kazi ya televisheni kiliingia kwenye filamu. Sisi watu wa pwani tungesema ni mnazi: tui, machicha, kifuu, kumbi na makuti, hakuna kinachotupwa.

Huo ndio mfumo ninaotaka uuige, na una kanuni moja ngumu: utafiti mmoja, mazao mengi, na zao la kwanza lilipe lile la pili. Chukua mfano. Tuseme unataka kufanya kazi kuhusu kampuni za ulinzi na jinsi walinzi wanavyofundishwa kusimama, kupekua begi, kumwambia mtu "huwezi kupita". Mada hiyo ni ya Farocki kabisa. Mwaka 1990 alitoa Leben – BRD, dakika 83 za Wajerumani wakifanyishwa mazoezi ya maisha darasani: wakunga, askari polisi, wauza bima, watoto wakifundishwa kuvuka barabara. Hakuna msimulizi. Ukienda kwenye mada yako moja kwa moja na filamu ndefu, utakaa miaka miwili bila senti. Badala yake anza na mahojiano ya sauti, yatoke kama kipindi cha redio au podikasti ya dakika 20. Nukuu zake ziwe makala. Picha za mnato za mafunzo ziende kwenye maonyesho madogo. Hapo ndipo unapoandika ombi la ruzuku ya filamu fupi, ukiwa na kitu cha kuambatanisha, kwa sababu kamati za ruzuku huamini kilichokwisha kufanyika kuliko kinachoahidiwa.

Kinachokwamisha mfumo huu ni haki. Kipindi ukimwuzia mtu "haki zote", umeuza na machicha. Katika kila mkataba tafuta kifungu cha umiliki, uombe maneno mawili yaingie: kwamba mnunuzi anapata haki ya kurusha kwa muda fulani na katika nchi fulani, na kwamba picha ghafi zinabaki kuwa zako. Wakikataa picha ghafi, panda bei. Wakikataa na bei, fanya kazi yao kwa vifaa vyao na usichanganye na yako.

Hapo ndipo matangazo yako yanapoingia. Farocki aliona thamani kubwa sana kwenye studio za matangazo. Stilleben ya 1997 inapokezanisha michoro ya Uholanzi ya karne ya 17, ile ya matunda na glasi mezani, na wapiga picha wa leo wakihangaika saa nzima kupanga jibini, glasi za bia na saa ya mkononi mpaka ving'ae kama vinavyotakiwa. Wewe unakaa ndani ya chumba hicho kila siku! Unaona ile picha ya kumi na nne ambayo mteja alisema mama amecheka "kimaskini", ikatupwa. Hiyo ndiyo mada. Ila picha zile ni mali ya mteja, na ukizitoa kwenye kompyuta ya ofisi umevunja mkataba wako wa ajira. Njia iliyo safi ni kuomba barua ya ruhusa ya kurekodi kazi inavyofanyika kwa kamera yako, ukisimama pembeni, kabla siku ya kupiga picha haijafika. Barua itaje tarehe, mahali, na kwamba matumizi ni ya maonyesho na matamasha. Ukishazoeleka pale hakuna anayekuangalia, na hapo ndipo watu hurudi kufanya kazi kama kawaida.

Miaka ya tisini televisheni ya Ujerumani ilianza kubana nafasi za filamu za aina yake. Watu wengi wa rika lake walizama hapo. Kilichomwokoa ni kitu unachokijua kwa mikono: mezani kwa mhariri wa video palikuwa na skrini mbili, moja ya picha iliyokwisha kuwekwa, nyingine ya picha inayofikiriwa. Jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa la Lille, Ufaransa, lilipomwomba kazi mwaka 1995, akazigeuza skrini hizo mbili kuwa kazi yenyewe, Schnittstelle, dakika 23, anachambua filamu zake za zamani picha moja kando ya nyingine. Katika sinema picha inakuja baada ya picha. Hapa inakuja pamoja na picha, na mtazamaji mwenyewe ndiye anayeunganisha.

Kutoka hapo makumbusho na maonyesho makubwa ya sanaa yakawa mlango wake mwingine wa kipato, sambamba na kufundisha (Berkeley miaka ya tisini, baadaye Vienna). Mfululizo wa Eye/Machine, kuanzia 2001 mpaka 2003, ulianzia kwenye picha za makombora ya Vita vya Ghuba vya 1991, picha ambazo hazikupigwa zitazamwe na mtu bali ziiongoze mashine. Deep Play ya 2007, pale kwenye maonyesho ya sanaa ya Documenta 12 mjini Kassel, Ujerumani, ilikuwa na skrini 12 zikionyesha fainali moja tu ya Kombe la Dunia, Italia na Ufaransa ya 2006, katika sura 12: picha za kocha, za ulinzi wa uwanja, za kompyuta inayofuata kila mchezaji.

Na katika Serious Games, 2009 hadi 2010, kuna jambo dogo ambalo kila mara nalitumia kueleza jicho lake. Jeshi la Marekani lilikuwa na programu ya kompyuta ya kuwafundisha askari kabla ya kwenda vitani, na nyingine ya kuwatibu waliorudi na majeraha ya akili. Kwenye ile ya mafunzo kila kitu kina kivuli, na jua limewekwa mahali pake kwa saa. Kwenye ile ya matibabu, vitu havina kivuli, kwa kuwa ilitengenezwa kwa bei nafuu zaidi. Aliziweka pamoja tukajionea. Hakupiga kelele wala hakuweka muziki. Mwanaharakati mwingine angemaliza dakika kumi akitulaumu.

Kazi za namna hii huuzwaje? Kwa toleo. Mara nyingi nakala tano na mbili za msanii, kila moja na cheti chenye namba na saini. Galari ya kuuzia sanaa kwa kawaida huchukua nusu ya bei. Mnunuzi hapati kijidiski tu: anapata faili kuu isiyobanwa sana, ProRes kwa mfano, nakala ya kuonyeshea iliyobanwa, ya H.264, na ukurasa wa maelekezo unaotaja ukubwa wa picha ukutani, urefu kutoka sakafuni, umbali wa benchi na sauti inatoka wapi. Usiuze toleo halafu uiweke kazi nzima bure mtandaoni, mnunuzi atakuuliza alinunua nini. Kuonyesha kwenye tamasha au chuoni ni malipo mengine, ya kila onyesho, nayo hayagusi toleo.

Sasa ufundi wa skrini mbili, kwa maana hapa ndipo wanaoanza huaibika siku ya ufunguzi. Ukichukua vifaa viwili vya kuchezea video na kuvibonyeza kwa pamoja, vitaanza sawa, na baada ya mizunguko kadhaa kimoja kitakuwa mbele ya kingine, kwa sababu kila kimoja kina saa yake ya ndani. Dawa rahisi ni kutengeneza faili moja tu pana, 3840 kwa 1080, picha mbili za 1920 ubavu kwa ubavu, ikachezwa na kompyuta moja yenye matundu mawili ya kutolea picha, kila nusu iende projekta yake. Haziwezi kuachana hata zikicheza mwezi mzima. Mwisho wa mzunguko weka giza la sekunde tano mpaka kumi, mtu anayeingia ajue kazi inaanza wapi. Sauti iwe ya upande mmoja kwa wakati mmoja, zikipishana huwa ni kelele ya stendi.

Projekta pima kabla ya kukubali chumba. Uwiano wake, yaani umbali kutoka ukutani ukigawanywa kwa upana wa picha, ukiwa 1.5 na unataka picha yenye upana wa mita 3, lensi lazima ikae mita 4.5 kutoka ukutani. Chumba chenye mita 4 kimeshakushinda, labda upate lensi ya karibu. Mwanga wa lumeni 3,000 unatosha kwa upana huo kama madirisha yamezibwa kabisa, yakibaki wazi utaona kijivu kila mahali. Na kwa umeme wetu, weka betri ya dharura kwenye kompyuta, kisha iamuru ijiwashe yenyewe na kuanza kucheza umeme ukirudi. Mlinzi wa jumba hatajua nywila yako saa tatu asubuhi.

Kwa kuanza lakini usihangaike na skrini mbili. Fanya zoezi lake la mwisho. Kuanzia 2011 hadi kifo chake Julai 2014, Farocki na mkewe Antje Ehmann waliendesha warsha katika miji 15, Cairo na Johannesburg ikiwemo. Sharti lilikuwa moja: onyesha kazi ya mtu, ya mshahara au isiyo na mshahara, kwa picha moja isiyokatwa ya dakika moja hadi mbili. Kamera inaweza kutulia au kutembea. Kukata hairuhusiwi. Walirudi kwa makusudi kwenye filamu za kwanza kabisa, ile ya ndugu Lumière ya 1895 ya wafanyakazi wakitoka kiwandani, iliyokuwa haifiki hata dakika moja.

Kwa mhariri kama wewe zoezi hili ni adhabu nzuri, maana umezoea kuokoa picha mbovu kwa mkasi. Nenda kwa wafyatua tofali. Simama kwanza bila kamera, uhesabu mzunguko: mchanganyiko unajazwa kwa koleo, unashindiliwa, kalibu inanyanyuliwa, tofali linapelekwa kwenye safu. Ukijua mzunguko mmoja unachukua muda gani, utajua dakika mbili zinabeba mizunguko mingapi, na uchague pa kusimama ambapo koleo na safu inayorefuka vinaonekana vyote viwili. Wengi wanamfuata usoni mtu, na hapo kazi inapotea, inabaki huruma. Kosa jingine ni kubonyeza baada ya tendo kuanza. Bonyeza sekunde kumi kabla, na usizime mpaka tendo liishe lenyewe.

Simu inatosha kabisa. Iweke fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa mwanga kuingia kwa kila fremu, 1/50 ya sekunde, kwani umeme wetu ni wa hezi 50. Ukiacha 30 na 1/60 zilizotoka kiwandani, chini ya taa za tyubu utapata mistari inayopanda na kushuka. Funga mwanga na rangi visibadilike katikati, la sivyo mtu mwenye shati jeupe akipita picha nzima inazama giza. Simu nyingi hurekodi kwa fremu zisizolingana, na ukiziingiza hivyo hivyo kwenye uhariri sauti itaachana na midomo. Zigeuze kwanza ziwe na kasi moja thabiti. Baada ya kila picha rekodi nusu dakika ya sauti ya mahali tupu. Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, na moja ikae nyumba nyingine.

Daftari la picha nalo lianze siku ya kwanza. Kwa kila kipande, chako au cha hifadhi: kimetoka wapi, tarehe, dakika ya kuanza na kuisha, nani ameruhusu, kwa muda gani. Videogramme einer Revolution, aliyoifanya na Andrei Ujică mwaka 1992 kuhusu kuanguka kwa Ceaușescu, mtawala wa Romania, ilitoka kwenye saa 125 za picha za raia na za televisheni. Bila daftari, saa 125 ni gunia la mikanda. Picha za hifadhi hutozwa kwa sekunde au kwa dakika, na bei ya matamasha si bei ya televisheni, kwa hiyo omba bei zote mbili kwa maandishi kabla hujaipenda picha.

La mwisho ni vibali, na hapa nakuomba usinisikilize nusu. Mwaka 2014 kikundi cha wasanii cha The Nest cha Nairobi kilitoa Stories of Our Lives, filamu ya visa vya Wakenya wa mapenzi ya jinsia moja. Kenya ikaizuia isionyeshwe, na mmoja wa waliohusika akakamatwa akidaiwa kupiga filamu bila leseni. Mashtaka yalikuja kufutwa. Tazama waliposhikwa: mjadala ulikuwa wa maudhui, pingu zikaja kwa karatasi. Kwa hiyo karatasi iwe safi kuliko ya mtu mwingine yeyote. Kwetu Tanzania nenda Bodi ya Filamu kabla ya kupiga picha, na ukivuka mpaka fuata leseni ya huko. Sheria ya taarifa binafsi ipo Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, kwa hiyo ridhaa ya mtu anayetambulika usoni iwe ya maandishi au ya kurekodiwa, kwa lugha anayoielewa, ikitaja itaonyeshwa wapi. Mtu akibadili mawazo kabla ya kazi kukamilika, mtoe. Kama ni mtu anayeweza kudhurika, usimpige picha ya uso kabisa. Kuuziba baadaye kwa ukungu hakumlindi, maana picha ghafi bado unayo na inaweza kuchukuliwa. Farocki alijua kupiga picha za mikono.

Piga picha kumi za zoezi hilo kabla ya mwaka kwisha, kazi kumi tofauti, ukianzia hapo hapo studio kama watakupa barua. Zima kwanza kipengele cha kurekodi mahali kwenye mipangilio ya kamera, faili isibebe ramani ya ulipokuwa. Kisha nitumie faili lenyewe, si kama video ya WhatsApp, ikipita hivyo inabanwa mpaka sitaweza kujua kama mistari ni ya taa au ya simu yangu.

Mama yako anakusalimu.

Baba